BAISKELI YA MLIMANI: NUNUA BREKI KWANZA

Barabara ya kutoka Kiboriloni kupitia Kikarara na Tsuduni hadi Kidia ina urefu wa kilometa kama 10 hivi. Kwa wenzetu wa Shinyanga au Tabora, kilometa 10 kwa baiskeli si safari ya kuzungumzia. Kwetu Old Moshi mambo ni tofauti. Anayekwenda juu anapanda karibu njia nzima, na anayeshuka anashuka karibu njia nzima. Kwa hiyo baiskeli iliyo nzuri kule tambarare inaweza kuwa hasara huku mlimani, na pengine hatari.

Siku hizi bodaboda ziko kila kona. Lakini bodaboda hudai petroli kila siku, na baiskeli haidai. Mkulima mwenye kihamba juu na shamba la mahindi tambarare bado anaihitaji. Asubuhi anateremsha mikungu ya ndizi sokoni. Jioni anarudi na majani ya ng'ombe. Makala hii ni kwa ajili yake, na kwa yeyote mwenye fedha za kiasi, si nyingi wala si haba, anayetaka baiskeli itakayodumu.

Hesabu ya fedha

Tuseme umeweka Sh. 300,000. Hii ni hesabu ya mfano tu, maana bei hubadilika na kila duka lina yake. Watu wengi hutoa fedha zote dukani, kisha wanasukuma baiskeli kwenda nyumbani bila hata pampu. Usifanye hivyo. Ligawe fungu lako mara sita. Mafungu matano, yaani Sh. 250,000, ni ya baiskeli. Fungu moja, yaani Sh. 50,000, ni la raba mpya za breki, waya za breki, mipira ya ndani, grisi, pampu na kufuli. Kama ni baiskeli ya mtumba, fungu hilo la sita litatumika lote.

Kwa fedha hizo utakutana na njia mbili. Ya kwanza ni baiskeli mpya ya kawaida, ile nyeusi ya chuma, kama Phoenix ya China au Hero ya India. Ni ndugu wa Raleigh ya Uingereza waliyopanda babu zetu. Ya pili ni baiskeli ya mtumba yenye gia, iliyotumika Ulaya au Japani. Wauzaji wa kila upande watakusifia bidhaa yao. Wewe anza na breki.

Breki inashika kilo ngapi?

Piga hesabu. Mtu ana kilo 65. Baiskeli ya chuma pamoja na keria ina kilo 20. Mikungu miwili ya ndizi, kila mmoja kilo 30, ni kilo 60. Jumla ni kilo 145. Huo ndio mzigo unaoshikwa na vipande vinne vidogo vya raba wakati wa kushuka. Palipo na lami hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu baiskeli inashika kasi upesi mno.

Baiskeli nyingi nyeusi zina breki za vyuma virefu badala ya waya. Ukibana mkono, vyuma vinavuta raba zikagusa rimu. Breki hizi hazikatiki ovyo na fundi wa kijijini anazijua. Tatizo kubwa ni rimu yenyewe. Rimu ya chuma ikiwa kavu hushikika vizuri, lakini ikilowa maji raba huteleza juu yake. Breki iliyokutosha Januari haitakutosha Aprili, wakati wa masika. Rimu za aluminiamu zinashikika vizuri zaidi zikilowa. Hapo ndipo baiskeli nyingi za mtumba zinapoishinda ile nyeusi mpya.

Utajuaje rimu ni ya chuma au aluminiamu? Chukua sumaku, hata ile ya spika ya redio iliyokufa, uigusishe kwenye rimu. Ikinasa, ni chuma. Isiponasa, ni aluminiamu. Muuzaji anaweza kukuambia lolote, lakini sumaku haipokei kamisheni.

Zipo pia baiskeli zenye breki ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Kwa mji wa tambarare ni breki nzuri, haiharibiwi na mvua. Kwa mteremko mrefu ni mbaya. Kitovu cha gurudumu hupata moto mpaka grisi inayeyuka, na mnyororo ukichomoka breki hiyo inakuwa haipo kabisa. Kama umeipenda baiskeli ya namna hiyo, hakikisha ina breki nyingine ya mkono gurudumu la mbele.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: baiskeli kutoka Uingereza au Japani kwa kawaida breki ya mbele iko mkono wa kulia. Nyingi za nchi nyingine za Ulaya, kama Ujerumani na Uholanzi, breki ya mbele iko mkono wa kushoto. Ukizoea moja, kisha ukabana ghafla mkono usio wenyewe ukiwa unateremka na mzigo, utaruka juu ya usukani. Inyanyue baiskeli, zungusha gurudumu la mbele, ubane mkono mmoja mmoja. Utajua.

Gia si idadi

Kijana mmoja sokoni alikuwa akimuuzia mama baiskeli ya mtumba.

"Shikamoo mama. Hii mashine, mama, ina gia ishirini na moja!"

"Marahaba, mwanangu. Breki je?"

"Breki fundi atakurekebishia, mama, buku tano tu."

"Basi hiyo buku tano unipunguzie mimi, halafu niijaribu."

Mama yule aliuliza vizuri. Gia 21 zinasikika nyingi, lakini nyingi kati ya hizo hutazitumia. Unachotaka wewe ni gia moja nyepesi ya kupandia. Idadi yake utaisoma kwenye meno. Hesabu meno ya gurudumu dogo kuliko yote upande wa pedali, kisha hesabu meno ya kubwa kuliko yote upande wa nyuma. Kama ya nyuma yanalingana na ya mbele, au yanazidi, baiskeli hiyo itapanda.

Sababu yake ni hii. Chukua baiskeli nyeusi isiyo na gia, yenye meno 44 mbele na meno 20 nyuma. 44 gawa kwa 20 ni 2.2. Maana yake ukizungusha pedali mara moja, gurudumu la nyuma linazunguka mara 2 na kidogo. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.2. Basi kila mzunguko wa pedali unakusukuma karibu mita 5. Tambarare ni raha. Kwenye kilima na gunia la majani, miguu haiwezi. Unashuka na kusukuma.

Sasa chukua baiskeli ya gia yenye meno 28 mbele na 28 nyuma. Gurudumu linazunguka mara moja tu kwa kila mzunguko wa pedali. Kama ni gurudumu la inchi 26, umekwenda kama mita 2. Unakwenda polepole, lakini nguvu inayotakiwa kila hatua ni ndogo, kama mtu anayepanda ngazi fupi badala ya ndefu. Sisemi kwamba utapanda mpaka Kidia na kilo 60 bila kushuka. Lakini sehemu nyingi utapanda ukiwa umeketi.

Kama safari zako ni za Kiboriloni na mjini tu, au shamba lako liko Kahe na nyumba yako iko chini, usisumbuke na gia. Baiskeli nyeusi inakutosha. Ni nzito lakini ina nguvu, vipuri vyake vipo, na fremu ya chuma ikivunjika fundi wa kuchomelea anaitengeneza. Fremu ya aluminiamu ikipasuka, fundi wa kawaida wa kuchomelea hataiweza. Faida ya wepesi inaishia hapo. Kwa maoni yangu, kwa mtu wa mlimani mwenye fedha za kiasi, iliyo bora ni ya mtumba yenye fremu ya chuma, rimu za aluminiamu, na gia ya kupandia. Zipo, lakini lazima uzitafute.

Jihadhari na zile zenye springi mbele na nyuma. Kwa bei ndogo, springi huwa ni uzito tu. Ukikanyaga, nguvu zako zinaishia kwenye kunesa.

Vijana nao huulizia zile za mashindano, zenye usukani uliokunjwa kama pembe za kondoo. Ni nyepesi na zina kasi. Kwa mtu anayesafiri juu ya lami ya kwenda Himo au Arusha bila mzigo, ni nzuri sana. Lakini mara nyingi hazina mahali pa kufungia keria, na tairi zake ni nyembamba kama kidole. Kwenye kokoto tairi hizo zitakuchosha kwa viraka. Kama lazima uchukue ya namna hiyo, pima nafasi kati ya tairi na fremu. Inayokubali tairi nene kidogo ndiyo yenye thamani.

Soma namba za tairi

Hapa ndipo kusoma kunapookoa fedha. Ubavuni mwa tairi pameandikwa namba, kwa mfano 28 x 1½, au 26 x 1 3/8, au 26 x 1.95, au 700 x 25. Watu husema "nipe tairi ya ishirini na sita" wakarudi nyumbani na tairi isiyoingia. Tairi ya 26 x 1 3/8 na tairi ya 26 x 1.95 zote huitwa 26, lakini rimu zake si sawa. Ya kwanza inatakiwa rimu ya milimita 590, ya pili ya milimita 559. Hazibadilishani kamwe. Baiskeli nyingi za mjini kutoka Japani, zile zenye kikapu, hutumia 26 x 1 3/8 au 27 x 1 3/8. Kabla hujalipia baiskeli, andika namba zake kwenye karatasi, nenda kwa wauza vipuri, uulize kama tairi ya namba hizo ipo na ni bei gani. Kama haipo Moshi mjini, iache baiskeli hiyo hata ikiwa inang'aa.

Kuikagua ya mtumba

Ipindue, itazame kwenye mwanga wa jua. Pita na kidole mahali bomba za fremu zinapoungana, hasa chini ya usukani. Rangi iliyojikunja au iliyopasuka hapo ni dalili kwamba iligonga kitu. Achana nayo, usibishane bei.

Bana breki ya mbele, usukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia inagonga kwenye shingo ya usukani, gololi zimelegea au zimekwisha. Zungusha kila gurudumu ukitazama raba za breki. Rimu ikienda kushoto na kulia, spoku zimelegea. Fundi anaweza kuinyosha. Ikiwa imebonyea, ni rimu mpya hiyo, punguza bei.

Mnyororo upime kwa futi ya kitambaa ya fundi cherehani. Hesabu pini 24 kutoka ile unayoanzia. Mnyororo mpya utaonyesha inchi 12 kamili, yaani sentimita 30.5. Ukifika sentimita 30.8 umekwisha, na huenda meno yamekwisha pamoja nao.

Mwisho panda mwenyewe. Ukisimama juu ya fremu nyayo zote mbili ziguse chini, na ibaki nafasi ya vidole viwili au vitatu. Ukiketi, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Akina mama wanaovaa kanga au gauni watafute fremu isiyo na bomba la juu. Mtu asiwaambie kwamba hiyo ni baiskeli dhaifu, mradi kiungo chake hakina ufa. Kisha jaribu mteremko mfupi, bila mzigo, breki zote mbili zikibanwa na kuachiwa, kubanwa na kuachiwa.

Karatasi

Dukani dai risiti. Kwa mtu binafsi, andikianeni. Kila baiskeli huwa na namba iliyogongwa kwenye fremu, mara nyingi chini ya pedali au chini ya kiti. Futa tope uisome. Kama imefutwa kwa tupa, muuzaji ana la kueleza, na wewe usiwe mnunuzi. Kama ipo, mwandikiane mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, nakala mbili, kwa maneno kama haya:

"Mimi ............ wa kijiji cha ............ nimemuuzia ............ wa kijiji cha ............ baiskeli aina ya ............ rangi ............ namba ya fremu ............ kwa shilingi ............ (kwa maneno ............). Nimepokea fedha zote. Baiskeli hii ni mali yangu halali. Tarehe ............ Sahihi ya muuzaji ............ Sahihi ya mnunuzi ............ Shahidi ............"