Kiwele Kilichojazwa

Mtume (S.A.W.) alikataza kumwacha ngamia au kondoo bila kukamwa ili kiwele kijae na mnunuzi ahadaike. Muuzaji hakutamka uongo. Hata hivyo mnunuzi anayo hiari ya siku tatu kumrudisha mnyama, pamoja na pishi ya tende kwa maziwa aliyoyakamua. Mafakihi huiita hadaa hiyo tasriya.

Mwaka 2022 kampuni ya Epic Games ilikubali kulipa dola milioni 245 za kuwarejeshea wateja. Tume ya biashara ya Marekani iliituhumu kwamba vitufe vya mchezo wake wa Fortnite vilipangwa hata mchezaji, akitaka kuuamsha mchezo uliolala tu, hujikuta amenunua. Na watoto walinunua bila idhini ya wazazi. Mchezo wenyewe hatuuzungumzii hapa. Kupanga vitufe namna hiyo, kwetu sisi, ni tasriya. Aliyeagiza na aliyebuni wote wana dhima, wala toba yao haikamiliki mpaka mali imrudie mwenyewe.