"Msaada wa Kimaadili": Tatizo Moja la Tafsiri

Waandishi wa Kiingereza hutumia mara nyingi fungu la maneno "lack of moral support" waelezapo hali ya mtu aliyeshindwa jambo kwa sababu hakupata watu wa kumpa nguvu moyoni. Wafasiri wengine hulitoa fungu hilo kwa Kiswahili kuwa "ukosefu wa msaada wa kimaadili". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tafsiri hiyo hupotosha maana, na kwamba Kiswahili kina njia zake za kulieleza jambo hilo.

Chanzo cha kosa ni neno "moral", lenye asili ya Kilatini. Katika Kiingereza neno hilo lina maana zaidi ya moja. Maana ya kwanza yahusu wema na ubaya wa mwenendo, yaani maadili. Maana ya pili yahusu jambo la moyoni, likilinganishwa na la kushikika kama fedha, chakula au nguvu za mwili. Kifaransa hutenga dhana hizi kwa jinsia ya nomino: "la morale" ni maadili, na "le moral" ni hali ya moyo. Fungu linalojadiliwa hapa lina maana ya pili, ilhali neno "maadili" la Kiswahili lina ile ya kwanza tu.

Hasara yake si ndogo. Ikiandikwa katika taarifa rasmi kwamba mwalimu fulani aliacha kazi "kwa ukosefu wa msaada wa kimaadili", msomaji asiyejua Kiingereza atadhani kwamba mwalimu huyo alipotoka, au kwamba wenzake walikuwa na mwenendo mbaya. Tafsiri imezua shutuma ambayo haikuwamo katika matini ya asili.

Kiswahili huyaweka mambo haya katika moyo na mkono, na huchagua kitenzi kwa kufuata tukio. Aliyefiwa hufarijiwa au huliwazwa. Mwenye hoja barazani huungwa mkono. Anayekabili kazi ngumu au mtihani hutiwa moyo au hutiwa shime. Kwa hiyo "kuunga mkono" nako hakufai kila mahali: mama aketiye karibu na mwanawe anayejiandaa kwa mtihani hamuungi mkono, bali humtia moyo. Hata methali isemayo "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri" yatenga moyo na mali, bila ya kuhitaji neno lolote la maadili.

Yafaa pia kupambanua kukosa na kuvunjwa. "Alivunjwa moyo" yadokeza kuwapo kwa mtu au jambo lililomvunja. "Alikufa moyo" yaeleza hali yake mwenyewe, pasi na kumtaja mwenye lawama. "Hakutiwa moyo" yasema tu kwamba tendo lililotarajiwa halikutendeka. Fungu la Kiingereza lina maana hii ya tatu. Mfasiri aandikaye "alivunjwa moyo" huwashtaki watu ambao pengine hawakutenda lolote ila kunyamaza.

Muundo ulio karibu zaidi na maana hiyo ni ule wa "kukosa wa" pamoja na kitenzi: "Mwalimu aliacha kazi kwa kukosa wa kumtia moyo." Kiingereza hutaja upungufu wa kitu, Kiswahili hutaja upungufu wa mtu. Wala hapa hapana pengo la msamiati linalodai istilahi mpya.

Tangu katiba ya mwaka 2010 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza, tafsiri ya nyaraka ni kazi yenye uzito wa kisheria. Mfasiri hana budi kwanza kujiuliza ni nani alitarajiwa kumtendea nani jambo gani, ndipo achague kitenzi. Akianza na nomino za Kiingereza, atapata maneno ya Kiswahili yenye maana isiyokusudiwa na mtu yeyote.