Kinyago cha Tarakilishi: Je, ni Sanaa Yenye Mwenyewe?

Makala haya yamechochewa na kisa nilichokishuhudia mjini Ruiru. Kijana mmoja aliagizwa na mwenye mkahawa wa Thika amtengenezee umbo la chui wa kuweka mlangoni. Kwa majuma matatu alilifinyanga umbo hilo katika tarakilishi, kwa programu ya Blender, kisha likachapishwa kwa plastiki. Miezi michache baadaye alilikuta limenakiliwa katika mikahawa mingine miwili ya tajiri yuyo huyo, jina lake halitajwi popote. Alipolalamika aliambiwa kuwa kazi ile ilifanywa na mashine.

Hoja hiyo haina mashiko. Wachongaji wa Wamunyu, Ukambani, hutumia tezo na patasi, na hatujasikia mtu akidai kuwa kinyago kimechongwa na tezo. Tarakilishi haikujua chui anyatapo ni bega lipi huinuka. Kijana ndiye aliyelivuta na kulisukuma bega hilo kwa kalamu ya kielektroniki, akafuta, akaanza upya. Wapo pia wasemao kuwa kisichoshikika mkononi si sanaa. Sisi wanafunzi wa fasihi simulizi tutakuwa watu wa mwisho kulikubali hilo!

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda kazi za sanaa, uchongaji ukiwemo, bila kujali ubora wake wa kisanaa. Inachodai ni kwamba juhudi za kutosha ziwe zimeipa kazi uasilia, na kazi yenyewe iwe imerekodiwa au kutiwa katika umbo la kudumu. Kwa maoni yangu, faili iliyohifadhiwa inatosha. Aidha, marekebisho ya 2019 yanatamka wazi kwamba kutosajili kazi hakumnyimi mtunzi haki yake.

Hata hivyo, tatizo la kijana wetu liko kwingine, nalo ni zito zaidi. Kifungu cha 31 kinasema kwamba kazi iliyoagizwa huchukuliwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pawe na mapatano kinyume na hayo. Yeye na tajiri walipatana kwa simu tu, bei na siku ya kumaliza. Hivyo fedha za nakala zile mbili ni vigumu kuzidai. Kilichombakia ni kifungu cha 32: haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi, ambayo haihami pamoja na hakimiliki.

Hakwenda mahakamani. Siku hizi, kabla ya kuwasha tarakilishi, humtilisha mteja sahihi karatasi yenye mistari minne.