Jinsi ya Kufasiri Moyo wa Mtu katika Hadithi: Mifano ya Ukerewe na Usukuma

Neno kufasiri lina maana mbili. Ya kwanza ni kuyatoa maneno katika lugha moja na kuyatia katika nyingine. Ya pili ni kueleza maana iliyomo ndani ya maneno, hata kama lugha ni ile ile. Hapa twataka kusema habari za hii ya pili, maana ndiyo inayomkabili mwalimu kila afunguapo kitabu cha hadithi mbele ya wanafunzi. Akifasiri vibaya, hasara haimwishii yeye peke yake. Kitabu chaweza kuondolewa shuleni, na kijana akakosa onyo alilolihitaji.

Mifano yetu tutaitwaa kando ya Ziwa la Victoria, na kwanza katika kisiwa cha Ukerewe, kilichozaa waandishi wawili wakubwa. Mmoja ni Aniceti Kitereza (1896–1981). Aliandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaimaliza mwaka 1945. Halafu akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikapigwa chapa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Wa pili ni Euphrase Kezilahabi (1944–2020), mzaliwa wa Namagondo. Alitoa Rosa Mistika mwaka 1971 na Kichwamaji mwaka 1974. Tena mwaka 1985 alitoa tasnifu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Basi yeye alikuwa mtungaji na mfasiri pamoja.

Wataalamu wamezipita njia nyingi za kufasiri. Tutazitazama nne.

Njia ya kwanza ni ya desturi. Kitabu cha Kitereza kimejaa habari za kilimo, uvuvi, dawa, maamkizi na upikaji wa pombe, hata wengi wakakihesabu kuwa ni ghala ya mila tu. Ni ghala kweli, lakini si hiyo tu. Bugonoka hana mtoto. Ndugu za mumewe wanamsimanga, na wazazi wake wanamtwaa na kumrudisha kwao. Myombekere anamfuata ukweni, naye anatozwa mitungi ya pombe ya ndizi kabla ya kurudishiwa mkewe. Mwenye kutafuta desturi ataandika jinsi pombe ile ilivyopikwa, naye atakuwa amepata nusu ya habari. Nusu ya pili ni hii: katika nchi iliyomruhusu mume kuoa mke mwingine, mtu huyu anashika kazi ngumu ya kutafuta ndizi na mitungi ili ampate mke yule yule. Mapenzi yake twayasoma katika kazi ya mikono yake kuliko katika maneno ya kinywa chake. Hapo desturi yenyewe imekuwa lugha ya moyo.

Njia ya pili ni ya mwandishi. Wako wasomaji watafutao katika kila hadithi maisha ya aliyeitunga. Katika Kichwamaji msimulizi asema “mimi”. Jina lake ni Kazimoto, kijana wa chuo kikuu, na mwisho wake ajiua. Msomaji mwepesi atasema, “Huyu ndiye Kezilahabi mwenyewe.” Lakini Kazimoto alikufa katika kitabu cha mwaka 1974, na Kezilahabi aliishi miaka 46 baadaye. “Mimi” wa hadithi ni vazi, na mwandishi hulivaa na kulivua. Hata hivyo njia hii haifai kutupwa. Ukijua ya kuwa mwandishi alitoka kijijini, akasoma seminari ya Nyegezi karibu na Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, utaelewa kwa nini ameandika kwa uchungu mwingi habari za kijana aliyesoma asiyejua tena mahali pake kati ya wazee wake.

Njia ya tatu ni ya nafsi. Sigmund Freud, daktari wa Vienna, katika kitabu chake juu ya ndoto kilichotiwa mwaka 1900, alimtaja Hamlet, yule mwana wa mfalme katika mchezo wa Shakespeare. Alisema ya kuwa Hamlet anakawia kulipiza kisasi kwa sababu ya tamaa ya utotoni ambayo yeye mwenyewe haijui. Faida ya njia hii ni kutukumbusha ya kwamba mtu hajui sababu zote za matendo yake. Katika Rosa Mistika, Zakaria ni baba mlevi, tena mkali kwa binti zake. Aona barua ambayo Rosa ameandikiwa na mvulana, ampiga vibaya. Rosa akua kwa hofu, na afikapo mbali na fimbo ya baba, hana kitu ndani yake cha kumzuia. Lakini njia hii ina hatari yake: mfasiri aweza kuwafanya watu wote wagonjwa, na kuipa kila hadithi jibu lililoletwa tayari kutoka ng’ambo. Kila alisemalo hapana budi alithibitishe kwa maneno ya kitabu.

Njia ya nne ni ya watazamaji. Wasukuma wana vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, Bagika na Bagalu, vilivyoanzishwa katika karne ya 19 na Ngika na Gumha. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na ule uwavutao watu wengi zaidi ndio ushindao. Mashindano ya namna hii huonekana hata leo huko Bujora, karibu na Mwanza, katika sikukuu ya Bulabo. Anayeandika maneno ya wimbo tu na kuyafasiri mezani amekosa sehemu kubwa ya mchezo, kwa kuwa umati nao umo ndani yake. Lakini wingi wa watu si ushahidi wa ubora wa maana: huenda wamefuata chatu aliye shingoni mwa mchezaji, wala hawakusikia wimbo.

Sasa tazama jinsi mambo haya yanavyogusa kazi ya mwalimu. Rosa Mistika kilizuiliwa shuleni kwa muda, kwa kuwa kilisema waziwazi mambo ya mwili, baadaye kikaruhusiwa. Hofu ya waliokizuia haikuwa ya kipumbavu, maana kijana aweza kushika tendo na kuliacha fundisho. Lakini swali lao lilikuwa moja tu: vijana wataona nini? Hawakutazama vya kutosha hadithi inakokwenda, nayo inakwenda kaburini, tena yaanza kuelekea huko siku ile ya fimbo ya Zakaria.

Kwa hiyo tusishike njia moja na kuziziba nyingine. Tukifungua kitabu tuulize: Nani asemaye? Desturi gani imemzunguka? Ni nini kimsukumacho asichokijua? Nani amsikilizaye? Tena mwalimu atakayesoma Rosa Mistika pamoja na darasa na awaulize wanafunzi Zakaria alikosea wapi kwanza, na kila ajibuye auonyeshe ukurasa.