Kope Ndefu: Tupendeze Bila Kuyaumiza Macho

Miezi ya harusi inapofika, na kicheni pati, sendofu na harusi yenyewe zikafuatana wiki kwa wiki, akina mama hutuuliza swali moja kwa namna nyingi. Nifanye nini kope zangu zirefuke? Binti yangu anaolewa, je, abandike kope? Nimeuziwa dawa ya kuotesha kope, ni ya kweli? Wengine huuliza kwa sauti ya chini baada ya ibada, kana kwamba kuzungumza habari za urembo ni aibu. Si aibu hata kidogo. Mwanamke kupenda kupendeza ni jambo la tangu zamani, na wala waume zetu hawalichukii.

Sisi wauguzi tunaogopa jambo moja tu, nalo ni kwamba urembo huu unafanyika milimita chache kutoka kwenye jicho. Kucha ikiharibika huota nyingine. Jicho halioti. Basi tuzitazame njia zilizopo moja baada ya nyingine, faida yake na gharama yake, ili kila mama achague akijua.

KOPE ZINA KAZI GANI?

Kope si pambo tu, ni walinzi. Zikiguswa na mdudu au vumbi, jicho hufumba lenyewe kabla hujawaza. Ukingo wa juu wa jicho una kope 90 hadi 160 hivi, na ukingo wa chini una 75 hadi 80. Zile za juu huwa na urefu wa milimita 8 hadi 12.

Mwaka 2015 watafiti wa chuo cha Georgia Tech cha Marekani walitoa matokeo ya kupima kope za wanyama wa aina 22. Waliona kwamba kwa kawaida kope hufikia theluthi moja ya upana wa jicho. Kwa urefu huo upepo hupita mbele ya jicho bila kulikausha wala kulijaza vumbi. Zikizidi hapo, huanza kuuelekeza upepo ndani ya jicho. Kwa hiyo kope zako, hata ukiziona fupi, huenda zimekatwa kwa kipimo cha jicho lako.

Tena, kila ukope una umri wake. Huota kwa muda wa mwezi mmoja hadi miwili hivi, hupumzika kwa miezi kadhaa, kisha huanguka na mwingine ukaota mahali pake. Ndiyo maana si ajabu kukuta ukope shavuni asubuhi unaponawa uso. Ukope uliokatika hurudi taratibu. Lakini shina lake likivutwa na kuumizwa mara kwa mara, linaweza kuacha kabisa kuotesha.

MASKARA NA WANJA

Njia rahisi kuliko zote ni kuzipaka rangi kope ulizonazo. Mwaka 1915, mjini Chicago, kijana Thomas Lyle Williams alianzisha biashara ya Maybelline baada ya kumwona dada yake Mabel akijipaka kopeni Vaseline iliyochanganywa na vumbi la makaa. Jina la Maybelline limetokana na huyo Mabel. Kanuni ya maskara ni ile ile hadi leo: ncha za kope ni nyembamba na hazionekani vizuri, hivyo rangi ikizifunika, ukope huonekana wote toka shina hadi ncha.

Hatari ya maskara iko kwenye chupa yake. Kila unapoingiza brashi unaingiza na vijidudu, navyo hupenda mahali penye giza na unyevu. Itupe baada ya miezi mitatu, hata kama haijaisha. Ikikauka usiiongezee maji wala mate. Usiazimane na mtu, hata mama na binti yake. Usijipake ndani ya daladala inayotembea, kwa maana shimo moja la barabara linatosha kuichoma mboni. Na usilale nayo.

Wanja nao una neno lake. Ule wa unga unaosagwa kutokana na jiwe mara nyingine huwa na madini ya risasi kwa wingi, na risasi ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Tunajua desturi ya kumpaka mtoto mchanga wanja ili awe na nyusi na kope nzuri. Akina mama, tuiache desturi hiyo. Wanja haurefushi kope za mtoto, na mkono wake mdogo huupeleka mdomoni.

KOPE ZA BANDIA ZA KUBANDIKA NA KUBANDUA

Hizi ni za siku nyingi. Mwanamke aitwaye Anna Taylor alipata hataza ya kope za bandia huko Marekani mwaka 1911. Unazibandika asubuhi kwa gundi yake maalumu na kuzibandua jioni. Kwa bibi harusi anayetaka kupendeza kwenye picha za siku moja, hatuoni ubaya, akifuata mambo haya:

Siku moja au mbili kabla, apake tone la gundi ile upande wa ndani wa mkono. Ngozi ikiwasha au kuvimba, aiache. Akate kope zitoshee upana wa jicho lake, kwani ncha iliyozidi humchoma kwenye pembe ya jicho. Jioni alainishe gundi kwa kiondoleo chake ndipo abandue polepole. Akivuta kwa nguvu, kope zake mwenyewe hutoka nazo.

Supaglu ya kubandikia viatu isisogezwe karibu na jicho. Ikitokea gundi yoyote imeingia ndani, usilifumbue jicho kwa nguvu. Lioshe kwa maji mengi safi kwa dakika 15, kisha nenda hospitali.

Siku hizi zipo pia kope za sumaku zisizotumia gundi. Ukiwa nazo, kumbuka kuzitoa na kulisafisha jicho kabla ya kuingia kwenye kipimo cha MRI, maana mashine ile ni sumaku kubwa.

KOPE ZA SALUNI

Hapa ndipo maswali mengi yanapotoka. Fundi hukulaza, hukufumbisha macho, na kwa saa moja au mbili huunganisha nyuzi moja moja juu ya kope zako mwenyewe. Hukai nazo siku moja. Unalala nazo, unaoga nazo, unapika nazo. Kila ukope wako unapoanguka kwa umri wake huondoka na ule wa bandia, na ndiyo maana baada ya wiki mbili au tatu huanza kuonekana mapengo. Unarudi saluni kujaziwa, na kulipa tena. Mama anayepanga bajeti ya nyumba aijumlishe gharama hiyo kwa mwaka mzima, asiihesabu kwa mara moja.

Gundi inayotumika ni ya ukoo ule ule wa supaglu, ingawa imetengenezwa kwa kazi hii. Nyingine hutoa hewa ya fomalini inayowasha macho hata yakiwa yamefumbwa. Wapo ambao miili yao huikataa gundi hiyo, na hilo linaweza kutokea hata kwa mtu aliyebandika mara nyingi bila shida. Tumewahi kumpokea mama kijana siku moja kabla ya harusi ya mdogo wake, macho yamevimba hata hayafunguki. Alipona, lakini harusi aliisikia kwa masimulizi.

Tatizo la pili halina kelele. Mama akiogopa kope zisitoke, huacha kuosha macho yake vizuri. Mafuta, jasho na tongotongo hujikusanya kwenye mashina, na ukingo wa jicho huwa mwekundu, unawasha na kutoa magamba. La tatu ni uzito. Nyuzi ndefu na nzito huuvuta ukope dhaifu mwaka baada ya mwaka, na anayeanza akitaka kope ndefu huweza kumaliza akiwa na kope chache kuliko alizozaliwa nazo.

Jambo hili limefika hata Bungeni. Septemba 2018, mjini Dodoma, Spika wa wakati huo, Job Ndugai, alipiga marufuku wabunge wenye kope na kucha za bandia kuingia ukumbini, baada ya Bunge kuelezwa juu ya madhara yake kiafya. Wapo waliopongeza, wapo waliosema wanawake wanaonewa. Sisi tunasema kwamba marufuku haimfundishi mtu kuosha jicho lake.

DAWA ZA KUOTESHA KOPE

Ipo dawa moja iliyothibitishwa kwamba kweli hurefusha kope, nayo ni bimatoprosti. Ilianza kama dawa ya presha ya macho. Wagonjwa waliotumia matone yake wakaonekana kope zao zinakuwa ndefu, nene na nyeusi. Desemba 2008 Marekani iliiruhusu kwa kazi ya kope, kwa jina la Latisse. Hupakwa kila usiku kwenye mashina ya kope za juu, na matokeo kamili huonekana baada ya wiki 16 hivi.

Lakini ni dawa, si kipodozi. Inaweza kuyafanya macho kuwa mekundu na kuwasha, kuitia weusi ngozi inayozunguka jicho, na kuyafanya macho yaonekane yameingia ndani. Kwa wenye macho ya rangi nyepesi inaweza kuigeuza mboni kuwa ya kahawia, na rangi hiyo hairudi. Tena ukiacha kuitumia, kope hurudi polepole zilivyokuwa. Mama mjamzito, anayenyonyesha, au mwenye presha ya macho asiiguse bila daktari. Na kwa kuwa baadhi ya seramu za dukani huwa na dawa za ukoo huo huo, usinunue chupa isiyoeleza kilichomo.

Mafuta ya nyonyo yanasifiwa sana na wauza vipodozi. Yanalainisha kope na kuzing'arisha, hivyo huonekana nene kidogo. Lakini hakuna uthibitisho kwamba yanaotesha ukope hata mmoja. Ukipenda kuyatumia, paka kidogo sana nje, kwa pamba safi, yasiingie jichoni.

Kupaka kope rangi ya nywele au piko ni hatari kuliko yote tuliyotaja. Mwaka 1933 huko Marekani rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure iliwapofusha wanawake kadhaa, na angalau mmoja akafa. Msiba huo ulichangia kutungwa kwa sheria ya mwaka 1938 iliyoweka vipodozi chini ya usimamizi wa serikali. Kemikali za aina hiyo bado zimo katika rangi nyingi nyeusi za nywele.

KOPE ZIKIANZA KUPOTEA AU KUGEUKA

Mama ambaye kope au nyusi zake zinapukutika bila sababu asikimbilie saluni. Huenda ni ugonjwa wa tezi ya shingo, ugonjwa wa ngozi, ukoma, au dawa kali kama zile za saratani. Kuzifunika kwa kope za bandia ni kuuficha ugonjwa usionekane na daktari.

Wapo pia akina mama wenye shida iliyo kinyume na yetu. Ugonjwa wa vikope, ambao wilaya ya Kongwa mkoani Dodoma imeujua kwa miaka mingi, huacha makovu ndani ya ukingo wa jicho. Baadaye kope hugeukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Wanawake huupata kuliko wanaume, kwa kuwa ndio wanaokaa karibu na watoto wenye maambukizi. Wengine hung'oa kope zao kwa kibanio ili wapate nafuu. Ukimwona bibi au jirani akifanya hivyo, mpeleke hospitali. Upo upasuaji mdogo wa kuzigeuza kope, nao huokoa jicho lisipofuke.

KIPIMO CHA KUCHAGUA

Kabla hujalipa, jiulize swali moja: je, urembo huu ninaweza kuutoa mwenyewe jioni na kunawa uso kwa sabuni na maji? Kama jibu ni ndiyo, na vifaa ni vyako peke yako, hatari yake ni ndogo. Kama jibu ni hapana, muulize fundi hivi: gundi ni ya aina gani, vibanio vyake huvisafisha kwa nini baada ya kila mteja, na jicho likivimba atazitoaje? Fundi anayeijua kazi hakasiriki kwa maswali hayo. Anayekasirika, inuka uende zako.

Wanaouliza kama ni dhambi tunawaachia wachungaji na dhamiri zao. Ila binti zetu tuzungumze nao mapema, kabla rafiki hajawapeleka. Msichana aliyeelezwa na mama yake huchagua vizuri kuliko aliyekemewa.

Na ukiona jicho linauma, limekuwa jekundu, linatoa usaha, linaogopa mwanga au linaona ukungu, acha kila kipodozi na uende kwa daktari wa macho siku hiyo hiyo. Usiweke maziwa ya mama, chai wala matone ya jirani. Usisubiri harusi ipite.