Kadi gani ya bei ndogo kwa vijana wanaojifunza kuandikia mashine programu?



Mradi wa kufundisha vijana ukifika, wengi huuliza kwanza: mtatupa kompyuta ngapi? Kwa fundisho tunalolieleza hapa, swali hilo linaweza kungoja. Ndani ya redio, friji na kichajio cha sola mna kompyuta ndogo sana, isiyo na kioo wala kibodi, inayofanya kazi moja tu iliyoandikiwa. Kijana anayejua kuiandikia anaweza kutengeneza kengele inayolia tangi la maji likikaribia kwisha. Anaweza pia kutengeneza kifaa cha kulinda betri za kituo cha kuchaji simu, maana betri ya volti 12 inayotumiwa kila siku mpaka kwisha kabisa hufa mapema, na kikundi kizima hupoteza pesa.

Kwa kujifunza kazi hiyo kunatosha kompyuta moja ya zamani, na kadi ndogo inayoenea kiganjani.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi nyingi zilizozunguka Goma zilifungwa, na familia zikahama tena kwa haraka. Hivyo sharti letu la kwanza si nguvu ya kadi. Ni kwamba darasa lote liingie katika mfuko mmoja wa mgongoni. Sharti la pili: kijana akikosea waya na kitu kikaungua, darasa lisiishie hapo.

Kwa masharti hayo, sisi tungechagua kadi ya aina ya Arduino Uno. Jamaa ya Arduino ilianzia Italia mwaka 2005, kwa ajili ya wanafunzi wasio mafundi wa umeme, na Uno yenyewe ilitoka mwaka 2010. Kumbukumbu yake ya programu ni kilobaiti 32 tu. Anayezoea simu za leo atacheka, lakini kengele ya tangi haijazi hata robo yake. Michoro yake imetolewa wazi kwa watu wote. Ndiyo maana viwanda vingine hutengeneza kadi kama hiyo na kuiuza mara nyingi kwa nusu ya bei au chini yake, na kufanya hivyo si wizi.

Wakati wa kununua, angalieni jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Uno ziko za namna mbili. Katika namna moja, chipu kubwa ni ndefu, ina miguu 28 na imechomekwa katika soketi. Katika nyingine, chipu ni ndogo, ya mraba, na imelehemiwa juu ya kadi. Chukueni ile ya soketi, hata ikizidi dola moja au mbili. Mara nyingi kinachoungua ni chipu yenyewe: mnaichomoa, mnaweka nyingine, kazi inaendelea. Agizeni chipu chache za akiba zilizokwisha kuwekewa programu ya kuanzishia.

Kuna kadi ya bei ndogo zaidi, Raspberry Pi Pico, iliyotoka Januari 2021 kwa dola 4. Ina nguvu kuliko Uno mara nyingi, na lugha yake, MicroPython, ni rahisi kusoma. Lakini inafanya kazi kwa volti 3.3, kuingiza volti 5 katika miguu yake ya kupimia kunaweza kuiharibu, na haina chipu ya kubadilisha. Ni nzuri kwa mwaka wa pili. Mkiinunua, ombeni iliyokwisha kulehemiwa miguu.

Kebo nazo husumbua. Kebo nyingi za sokoni huchaji tu, hazipitishi programu, na darasa linaweza kupoteza siku mbili likidhani kadi ni mbovu. Zijaribuni kabla ya kulipa. Programu zote za kompyuta zipakuliwe mjini penye intaneti na kuwekwa katika flashi. Kwa kompyuta kuukuu, Arduino toleo la 1.8 ni jepesi kuliko la 2.

Kadi moja itoshe vijana watatu. Si kwa ajili ya pesa peke yake. Mmoja anaandika, mmoja anaunganisha waya, mmoja anasoma kosa kwa sauti, kisha wanabadilishana. Watatu hao wasitoke upande mmoja: wahamaji wa vita na wenyeji waliowapokea wachanganywe, na wasichana wasiachiwe kazi ya kuandika majina tu. Vifaa viandikwe katika daftari linaloshikwa na watu wawili, mmoja wa kila upande. Tunajua ugomvi unaozuka sanduku likilala kwa kiongozi mmoja.

Sasa jambo zito. Waya, betri na kadi yenye taa inayowaka na kuzima, ndani ya mfuko wa kijana, kwenye bariere: askari anaweza kudhani ni bomu au redio ya upelelezi. Kabla ya somo la kwanza, viongozi waende wenyewe kwa wakubwa wa mahali, wafungue mfuko mbele yao na kuonyesha kengele ikilia. Wapate barua yenye muhuri, nakala yake ikae ndani ya mfuko. Kijana asibebe kadi ikiwa imeunganishwa na betri, wala asisafiri nayo peke yake au usiku. Kwa sababu hiyo hiyo, kadi zenye mawasiliano ya redio na Wi-Fi, kama ESP32, tungeziacha kwanza, ingawa bei yake inavutia. Kengele ya tangi haizihitaji.

Na pale ambapo wakubwa wa mahali wamekataa, somo lifanyiwe mjini au lingoje.