Chumvi ya barabarani Marekani yatafuna janti za aluminiumu

Huku Kivu adui wa kamio ni matope na mashimo. Katika inchi ya Marekani, kwenye miji kama Portland ya jimbo la Maine ao Grand Rapids ya Michigan, ambako Wakongomani wengi wamehamia na wengine wao wanashika usukani wa kamio, adui ni chumvi. Kipindi cha baridi kikifika, inamwagwa barabarani ili maji yasigande. Baridi ikipita nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, chumvi ya kawaida inaishiwa nguvu, na mara nyingi wanaongeza kloridi ya kalisi ao ya magnesi. Hizo zinavuta unyevu wa hewa, kwa hiyo zinabaki zimelowa kwenye gari hata barabara ikikauka.

Aluminiumu haishikwi kutu kama chuma, kwa sababu hewa inaitengenezea ngozi nyembamba ya kuikinga. Chumvi inatoboa ngozi ile. Mama aliyelaza maji ya chumvi ndani ya sufuria anavijua vile vishimo. Kwenye janti ni hatari zaidi pale inapogusana na chuma cha katikati ya gurudumu: metali mbili zikilowa pamoja, aluminiumu ndiyo inaliwa. Janti inaganda, na siku ya kubadilisha mpira fundi anashika nyundo. Vishimo vikifika kwenye ukingo, upepo unavuja polepole.

Kwa nini basi wasirudie janti za chuma? Chuma nacho kinaoza, tena upesi. Lakini sababu kubwa ni uzito. Tangu Alcoa ilipotoa janti ya aluminiumu ya kufuliwa mwaka 1948, wenye kamio wamefanya hesabu: kila janti inapunguza kilo 10 hivi. Kwa magurudumu 18 ni kilo 180, zaidi ya mifuko mitatu ya simenti, mahali ambapo sheria inasimamisha gari na mzigo kwenye tani 36 hivi. Anayelipwa kwa tani anaelewa.

Kwa maoni yetu, anayebaki na aluminiumu akubali kazi ya kuosha: maji mengi na sabuni laini kila juma, hasa upande wa ndani usioonekana. Dawa kali za asidi zinang'arisha leo, kesho zinaharibu. Na janti ikiisha kufungwa upya, nati zikazwe tena kisha kilometa 80 hadi 160.